MAJILIO, PASI NDEFU NA KADI YA ELFU THELATHINI

Najua nimewaacha muda mrefu bila neno. Testi zilipangwa tatu ndani ya wiki moja, na mnajua lekchara wetu wa saikolojia hana masihara. Zimeisha, tumshukuru Mungu. Leo nilitakiwa niwaletee habari za mazoezi ya kufundisha kama nilivyoahidi, lakini hiyo itasubiri, maana kuna kitu kimenikaa kooni tangu Jumapili na nisipokitoa sitalala. Kwa hiyo anayetafuta stori za kuchekesha apite tu, arudi wiki ijayo. Leo nina ugomvi.

Ugomvi wenyewe ni huu. Umoja wetu wa wanafunzi Wakristo hapa chuoni umetangaza chakula cha jioni cha kufunga mwaka, Jumamosi ile inayotangulia Jumapili ya tatu ya Majilio. Kadi ni 30,000, ndani yake kuna fulana, sahani moja na soda moja. Asiye na kadi haingii, mlangoni watakuwepo watu wa kukagua. Mpaka hapo sina neno kubwa, watu wazima wakichanga wakala ni haki yao. Neno langu linaanzia pale kijana mmoja wa mwaka wa kwanza aliposimama baada ya matangazo akauliza, kwa adabu kabisa, sisi ambao bumu halijaingia tunafanyaje. Kiongozi mmoja akamjibu kwenye kipaza sauti huku anatabasamu: "Mpendwa, usijali, haya ni Majilio, Mungu yuko karibu sana na maskini." Watu wakaitikia amina. Kijana akakaa. Likapita.

Kwenu lilipita. Kwangu bado lipo.

Kwa nyie mlioko kitaa, ambao hamjaishi huku, niwaeleze hali ilivyo. Mwaka wa kwanza wamefika na mabegi yao, wengi wanategemea mkopo, na kwa baadhi yao mkopo haujaingia mpaka leo. Mara jina limekosewa herufi moja, mara akaunti ya benki inasomeka vingine, mara subiri orodha inayofuata. Ugomvi wangu wa leo hauko huko. Ninachotaka mjue ni kwamba mtu wa namna hiyo anaishi kwa pasi ndefu. Pasi ndefu ni hivi: mpira unapigwa kutoka golini mpaka kwa mshambuliaji, katikati hakuna mchezaji aliyeugusa. Asubuhi chai ya rangi, kama ipo. Mchana hakuna kitu. Usiku wali maharage wa 1,500 kwa mama ntilie, na kuna siku sahani hiyo moja wanakula wawili. Chumbani kwetu tumepangwa wanne, tunalala saba, watatu tumewabeba. Binti mmoja kati ya hao watatu, simtaji jina wala mkoa, kuna usiku nilimsikia ameamka saa sita akanywa maji vikombe vitatu mfululizo. Mtu hanywi maji hivyo kwa kiu.

Na huyo mama ntilie ninayemsema ana daftari la madeni. Daftari la kaunta, limechakaa, limejaa majina ya watoto wa watu anaowajua kwa sura tu. Anaandika, anafunga, anapakua. Hakuna kamati iliyomtuma. Ukiniuliza ni nani ameshika Majilio mwaka huu katika eneo la chuo hiki, nitakupeleka kwake kabla sijakupeleka kwenye kamati yetu ya chakula cha jioni.

Sasa turudi kwenye lile neno. Kuna mafundisho ya aina mbili yanatembea hapa chuoni kuhusu Mungu na maskini, na yote yanakuja yamevaa suti. La kwanza mnalijua, sitapoteza muda nalo. Linasema umaskini ni roho, ni laana ya ukoo, na dawa yake ni kupanda mbegu. Yaani mtoto aliyebaki na 2,000 ya kula siku mbili anaambiwa aiweke kwenye bahasha ili afunguliwe. Hilo ni wizi tu, na wengi wenu mmeshalishtukia.

La pili ndilo linaloniuma, kwa sababu limetumia neno la kweli. Mungu yuko karibu na maskini. Ni kweli! Naliamini hilo kuliko ninavyoamini mengi niliyofundishwa darasani. Lakini neno la kweli linaweza kusemwa na mtu asiye na haki ya kulisema, katika saa isiyo yake, likageuka tusi. Aliyeshiba akimwambia mwenye njaa kwamba Mungu yuko karibu naye, halafu akaendelea kuuza kadi, hajamtangazia habari njema. Amemkabidhi mzigo wake Mungu ili yeye akale kwa amani. Yakobo katika waraka wake, sura ya 2, ameeleza jambo hili hili: mtu hana nguo wala chakula cha siku, na ndugu yake katika imani anamtakia heri, ajipatie joto na ashibe, bila kumpa chochote. Yakobo anauliza hiyo ina faida gani. Sisi tumelijibu swali lake kwa kusema amina kwenye kipaza sauti.

Hebu tuyatazame hayo Majilio yenyewe tunayoyataja. Ni Jumapili nne kabla ya Krismasi, na kutegemea Krismasi imeangukia siku gani, urefu wake ni kati ya siku 22 na 28. Rangi yake ya zambarau haikuwekwa kwa ajili ya kupendeza, ni rangi ya toba. Zamani Wakristo wa magharibi walifunga katika majira haya, na ndugu zetu Waorthodoksi bado wanafunga siku 40 kuanzia Novemba 15 kwa kalenda yao. Ni majira ya kupunguza sahani. Isaya sura ya 58 anasema mfungo anaoutaka Mungu ni ule ambao chakula chako kinafika kwa mwenye njaa na asiye na pa kulala anapata paa nyumbani kwako. Sasa angalieni sisi tulivyolipindua jambo. Wanaotakiwa kufunga wamechapisha kadi za chakula, na wanaofunga kweli ni mwaka wa kwanza, tena wanafunga kwa kukosa, na hakuna anayewahesabia thawabu.

Nendeni Luka sura ya 2, pale Yusufu na Mariamu wanapompeleka mtoto hekaluni. Luka anataja sadaka waliyotoa, ndege wawili. Ukisoma haraka unapita. Ukirudi Mambo ya Walawi sura ya 12 unakuta sheria yenyewe: mama aliyejifungua alete mwanakondoo, na kama uwezo wake haufikii mwanakondoo, alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Maana yake mama wa Bwana alitoa sadaka ya wasio na uwezo. Kwa lugha ya umoja wetu, hakuwa na hela ya kadi.

Lakini aliingia! Hili ndilo ninalotaka kamati ilitazame vizuri, hata kama wengine mtaniona nimezidi. Hekalu la Yerusalemu, pamoja na yote ambayo Yesu mwenyewe alikuja kulisema baadaye pale alipopindua meza za wabadili fedha, lilikuwa na kiwango cha maskini kilichoandikwa ndani ya sheria. Mama maskini hakuambiwa abaki nje Mungu atakuwa karibu naye hukohuko nje. Aliambiwa njoo na ulichonacho. Sisi tuna kiwango kimoja tu, 30,000, na watu wa kukagua mlangoni. Yaani familia ile ingefika kwetu Jumamosi hiyo ingerudishwa, halafu tungeingia ndani kuimba nyimbo za kuisifu.

Na wimbo wa Mariamu, huu ambao kwaya yetu inaufanyia mazoezi kila Jumanne mpaka tunaukariri hosteli, mmesikiliza maneno yake? Uko Luka sura ya 1. Anamsifu Mungu aliyewashusha wakubwa kutoka kwenye viti vyao, aliyewashibisha wenye njaa na kuwaacha wenye mali waondoke mikono mitupu. Desemba 17, 1933, Jumapili ya tatu ya Majilio, mchungaji kijana Dietrich Bonhoeffer aliuhubiri wimbo huu kwa Wajerumani waliokuwa London, mwaka ule ule Hitler aliposhika madaraka kwao. Aliwaambia kwamba hakuna wimbo wa Majilio wenye moto wa mapinduzi kama huu, na kwamba anayeuimba si yule Mariamu mpole wa kwenye picha. Bonhoeffer mwenyewe alinyongwa na utawala ule Aprili 9, 1945. Alijua uzito wa alichokuwa anakisema. Sisi tunauimba kwa sauti nne, tena sauti ya tatu bado inatoka nje ya ufunguo, na tumeulainisha kiasi kwamba unaweza kuimbwa kwenye chakula cha watu waliochujwa kwa pesa na hakuna anayeona tatizo.

Yohana Mbatizaji naye anasomwa sana majira haya. Watu walipomwuliza wafanye nini, Luka sura ya 3, hakuwapa somo refu. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo, na mwenye chakula vivyo hivyo. Hakusema mkawaombee wasio na kanzu. Na sisi kwenye hiyo 30,000 tunaongezewa fulana! Kuna mtu kwenye umoja wetu ana fulana za matukio tisa, nimezihesabu kwenye kamba.

Naomba niseme kidogo juu ya bibi yangu, kwa sababu sitaki mtu adhani napinga kumtumaini Mungu. Kumtumaini nilifundishwa na yeye.

Bibi analima viazi mviringo huko Njombe. Anayejua biashara ya viazi anajua lumbesa. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu juu yake linashonewa kilemba kwa kamba na kujazwa tena, na mnunuzi analipa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza, kila mtu anajua inakataza, na magunia yanaendelea kupita barabarani yamevaa vilemba vyao. Mwaka 2021 mnunuzi wa miaka yote alikuja kwa bibi kama kawaida. Ni mzee wa kanisa, mtu wa heshima zake, ndiye aliyekuwa akipangiwa kuwasha mshumaa wa kwanza wa Majilio. Bibi akamwambia, baba, mwaka huu sijazi kilemba. Yule mzee akacheka, akamwambia mama usiwe na wasiwasi, Mungu anawaangalia wajane, yuko karibu nanyi. Bibi akajibu, ndiyo, ndiyo maana sijazi.

Mzee akaondoka bila kununua. Bibi hakupata muujiza wowote, nisiwadanganye. Viazi vilikaa mpaka vingine vikachipua, akauza kwa ndoo barabarani kwa bei ya kutupa, na muhula ule mdogo wangu alirudishwa nyumbani mara mbili kwa ajili ya michango ya shule. Msimu uliofuata majirani wawili nao walikataa kilemba. Wengine wanajaza mpaka leo.

Nimelifikiria sana jibu lile. Yule mzee na bibi walisema neno moja, kwamba Mungu yuko karibu. Kwa mzee lilikuwa na maana ya "vumilia nikupunje". Kwa bibi lilikuwa na maana kwamba pale kwenye mzani kuna shahidi wa tatu, na mtu mwenye shahidi hatetemeki. Huko ndiko kutumaini ninakokujua mimi. Hakumfanyi maskini anyamaze, kunampa mgongo wa kusimamia. Yule kijana aliyesimama Jumapili kuuliza tunafanyaje, mimi naona alikuwa anamtumaini Mungu kuliko wote tuliokuwa mle ndani, maana aliamini kwamba katika nyumba ya Mungu swali la njaa lina haki ya kuulizwa. Sisi tukamkalisha kwa aya.

Ndiyo maana nasema neno hilo ni la bibi kulisema, ni la yule kijana kulisema. Mwenye gunia la kilemba akilisema ni kama mwizi anayekuombea usiku mwema. Sisi wenye sahani tatu kwa siku kazi yetu katika Majilio si kuwatangazia maskini kwamba Mungu yuko karibu nao. Wanajua! Wameongea naye usiku mwingi kuliko sisi. Sisi tunatakiwa tuogope kidogo, kwamba aliyeko karibu na yule binti anayekunywa maji saa sita usiku anatuona na sisi tulivyolala tumeshiba futi moja kutoka kwake. Halafu katika lugha yetu hii hii, karibu ni neno unalomwambia mtu aliyesimama mlangoni. Mnawezaje kumwambia mtu Mungu yuko karibu nawe, na nyie wenyewe hamjamwambia karibu?

Majibu nimeshaanza kuyapata, maana wiki nzima nabishana na watu kwenye korido.

Ndugu mmoja ameniambia nina roho ya Yuda, kwa sababu kwenye Yohana sura ya 12 ni Yuda aliyelalamika kwamba marashi yale yangeuzwa wakapewa maskini. Sawa, lakini endelea kusoma mstari unaofuata. Yohana anaeleza kwamba Yuda hakuwa na habari na maskini, alikuwa anashika mfuko na kuchota humo. Kwa hiyo tatizo la Yuda lilikuwa la uhazini. Dada yetu mhazini sikusemi wewe, nakuheshimu, ila mahesabu ya chakula cha mwaka jana hayakusomwa mpaka leo, na kwa kuwa mmemleta Yuda wenyewe basi na mfuko wake uje.

Mwingine akaleta ile ya kwamba maskini tutakuwa nao siku zote. Hii huwa inanichosha. Yesu pale alikuwa anawakumbusha Kumbukumbu la Torati sura ya 15, na kule sentensi haiishii hapo. Inasema maskini hawataisha katika nchi, kwa hiyo naagiza umfungulie mkono ndugu yako. Mmechukua nusu ya kwanza mkaifanya ruhusa ya kufunga mkono. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayekata nukuu katikati namna hiyo kwenye insha anapewa sifuri.

Halafu wapo wa "mbona ana simu kali". Jamani, simu ile ilinunuliwa kwa mchango wa ukoo mzima siku ya kumuaga, kwa sababu mambo yote ya chuo yanataka intaneti, kuanzia usajili mpaka matokeo. Simu haipikwi.

Na wapo wanaosema haya ni mambo ya siasa, umoja wetu ni wa kiroho. Oktoba 1970 Mwalimu Nyerere alikwenda kuzungumza na masista wa Maryknoll huko New York, na aliwaeleza masista wale bila kuwapaka mafuta kwamba Kanisa lisiposimama pamoja na watu dhidi ya mipangilio inayowafanya wawe maskini na wadhalilike, litakuwa halina kazi tena kwa binadamu. Mwalimu alikuwa mtu wa misa, si mpinga dini. Oktoba 2025 Papa Leo wa Kumi na Nne alitoa wosia wake wa kitume Dilexi te, wote unahusu upendo kwa maskini. Mimi ni Mlutheri, lakini kwenye hili sioni aibu kumsikiliza jirani. Kama suala la sahani si la kiroho, basi Mathayo sura ya 25 ifutwe, maana kule hukumu yote inahusu chakula, maji, nguo, mgeni, mgonjwa na mfungwa. Hakuna swali hata moja kuhusu fulana ya tukio.

Wenzangu wa ualimu, na nyie nina neno. Maslow wa mwaka 1943 mnamkariri kila testi, njaa kwanza halafu ndiyo mengine. Freire, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifika hata Dar es Salaam, mnamtaja kwenye kila insha kwamba kuna ukarimu wa uongo unaogawa makombo ili hali ibaki ilivyo. Haya, jirani yako wa kitanda ni Maslow na Freire kwa vitendo, na hakuna alama zinazotolewa. Mwakani mtasimama mbele ya watoto darasani, nusu yao hawajala, mtawaambia nini? Vumilieni, tunaanza na kipindi cha hisabati?

Sasa mtauliza, dada unataka nini. Nataka hesabu.

Mwaka jana tulioingia kwenye chakula hicho tulikuwa kama 140. Kwa kadi ya 30,000, watu 140 ni 4,200,000. Katika hosteli zetu mbili tumehesabu, mimi na wenzangu wa kikundi cha sala, watu 60 wa mwaka wa kwanza ambao hawajapata kitu. Sahani mbili kwa siku za 1,500 kwa watu 60 ni 180,000. Gawanyeni wenyewe. Zinatoka siku 23 na kitu. Majilio mafupi kabisa ni siku 22. Yaani jioni yetu moja, na fulana zake, ni Majilio mazima ya watu sitini kula mchana na usiku. Nilipoimaliza hesabu hiyo nilirudia mara mbili nikidhani nimekosea sifuri.

Sisemi chakula kifutwe. Watu wanataka kukaa pamoja kabla ya kutawanyika, na wengine hawana nauli ya kwenda popote, Krismasi yao ni hapahapa. Ninachosema kadi ifutwe. Fulana zisichapishwe. Sufuria za kwaya tunazo, kuni zinapatikana, nusu ya wasichana wa mwaka wa tatu wanajua kupika pilau la watu mia mbili na wavulana wanajua kuosha vyombo hata kama wanajifanya hawajui. Mlangoni kuwe na kapu limefunikwa. Mwenye 30,000 aweke 30,000, mwenye 200 aweke 200, asiye nacho apite, na asiwepo wa kuchungulia. Kitakachozidi kiende kwenye lile daftari la kaunta kwa mama ntilie, tufute majina mstari kwa mstari, na kiendelee kulipia sahani mpaka Krismasi ipite. Kadi mimi sijanunua. Pesa yake imeshaingia kwenye daftari hilo, na ukurasa wa kwanza bado haujaisha, kwa hiyo mnaweza kuona ukubwa wa kazi.

Kikao cha maandalizi ni Alhamisi saa 11 jioni, chumba kile cha juu ya maktaba. Nimeiona ajenda, mwisho wake kuna "mengineyo", nitaingilia hapo. Kaka mwenyekiti asishtuke, nitaongea kwa adabu, lakini nitakuwa na hesabu zangu kwenye karatasi na ningeomba mhazini naye aje na za mwaka jana. Yule kijana aliyeuliza Jumapili nimemtafuta, amekubali kuja. Mnaotaka kuja njooni mapema, viti huwa havizidi thelathini.

Habari za mazoezi ya kufundisha ni wiki ijayo, Mungu akipenda.